Raila Odinga alikuwa mbunge wa Lang'ata ama wa Kibra? Na kiti kilihamaje hivi?

mpangaji_highrise:
Habari zenu wadau, naomba mtu anayejua siasa za Nairobi vizuri anisaidie, maana jana nimebishana na ankoli wangu mpaka chai ikapoa mezani. Mimi nimehamia Nyayo Highrise mwaka jana na nataka kuhamisha kura yangu huku kabla ya 2027. Sasa ankoli akaniambia "hapo umeenda kiti cha Raila, huko ni chama cha ODM tu hakuna mwingine." Nikamwambia hapana, kiti cha Raila kilikuwa Kibra, na Lang'ata 2017 ilichukuliwa na chama cha Jubilee, akakataa katakata, akasema yeye mwenyewe amempigia Raila kura ya ubunge mara tatu na karatasi iliandikwa Lang'ata wala si Kibra. Mimi nimezaliwa 1999 kwa hivyo mengi nimeyasikia tu. Nani ako sawa hapa? Na kama kweli ilikuwa Lang'ata, ilitokaje kwa Raila mpaka ikaenda Jubilee alafu ikarudi? Nataka kujua kabla sijaenda kujiandikisha, si vizuri mtu kupiga kura mahali hajui pametoka wapi.

MzeeWaLainiSaba:
Kijana wangu, ankoli yako ako sawa, na wewe pia uko sawa nusu. Wacha nikueleze polepole.

Kabla ya 2013 hakukuwa na eneo bunge linaloitwa Kibra. Laini Saba, Lindi, Makina, Sarang'ombe, zote zilikuwa ndani ya Lang'ata pamoja na Karen na South C na Nairobi West. Yaani mtu wa shamba la ekari tano Karen na mtu wa chumba cha mabati Lindi walikuwa na mbunge mmoja. Fikiria hiyo. Kwa hivyo Raila alikuwa mbunge wa Lang'ata kuanzia 1992 mpaka 2013, miaka 20 na kidogo, na hajawahi kuwa mbunge wa Kibra hata siku moja, ingawa kura zilizombeba nyingi zilitoka huku kwetu.

Uchaguzi wa 1992 naukumbuka kama jana. Ndio ulikuwa wa kwanza wa vyama vingi baada ya kifungu cha 2A cha katiba, kile cha chama kimoja, kuondolewa Desemba 1991. Aliyekuwa amekalia kiti ni Philip Leakey wa KANU, ndugu yake Richard Leakey yule wa mafuvu na wa wanyama pori, na alikuwa ameingia mara ya kwanza 1979. Raila akaja na tikiti ya FORD-Kenya, chama cha baba yake Jaramogi. Sasa angalia kitu watu husahau, Nairobi ilikuwa na viti 8 mwaka huo, na Ford-Asili, chama cha Kenneth Matiba, ilizoa 6. KANU ikabaki na Westlands. FORD-Kenya ilipata kimoja tu Nairobi nzima na ni hiki cha Lang'ata. Kimoja! Watu wanaongea leo kana kwamba Nairobi ilikuwa ya Raila tangu zamani, hapana, alianzia na kipande hiki peke yake.

Alafu Jaramogi akafariki Januari 1994, vita vya kugombania chama vikaanza kati ya Raila na Michael Wamalwa, na mwisho wa 1996 Raila akatoka akaenda chama cha NDP. Sheria ya wakati huo ilikuwa ukihama chama kilichokuleta bungeni kiti unakiacha. Akakiacha. Uchaguzi mdogo ukaitishwa Machi 1997 akarudi kwa wananchi na akashinda. Alama ya NDP ilikuwa trekta, na ndio hapo jina lake la utani la Tinga lilitoka, watoto wadogo walikuwa wanakimbia kwa vichochoro wakiita "tinga tinga" wakiona gari la kampeni. Desemba hiyo hiyo 1997 uchaguzi mkuu ukafika tukampigia tena. Yaani mwaka mmoja tulipanga laini mara mbili kwa mtu mmoja.

karani_2013:
Mzee umesema yote, mimi naongeza tu hiyo ya vyama maana ni kitu kinanishangaza mpaka leo. Hebu hesabuni vyama vya Raila. 1992 FORD-Kenya. 1997 Machi NDP. 1997 Desemba NDP. 2002 NARC, na hapo katikati NDP ilikuwa imeungana na KANU pale Kasarani mwezi wa tatu, yeye akawa katibu mkuu wa KANU, kisha mwezi wa kumi akatoka na wenzake akasema "Kibaki Tosha", yaani Mwai Kibaki anatosha kuwa rais. 2007 ODM. Chaguzi tano, vyama vinne tofauti, watu wale wale, mtu yule yule. Lang'ata ya zamani haikuwahi kuwa ngome ya chama. Ilikuwa ngome ya mtu. Hiyo ndio tofauti kubwa na vile siku hizi watu wanaongea eti "ukipata tikiti ya ODM umeshinda."

Sasa @mpangaji_highrise kuhusu mipaka. Katiba ya 2010 ilileta maeneo bunge 290 kutoka 210, na IEBC, tume ya uchaguzi, ikachora mipaka mipya 2012. Nairobi ikatoka 8 ikawa 17. Embakasi peke yake ilikatwa vipande vitano. Lang'ata ikakatwa mbili. Kibra ikapata Laini Saba, Lindi, Makina, Sarang'ombe na Woodley/Kenyatta Golf Course. Lang'ata ikabaki na Karen, Nairobi West, Mugumo-ini, South C na hapo kwako Nyayo Highrise. Kwa hivyo wewe ukisimama hapo nyumbani ukaangalia ng'ambo unaona mabati ya Kibra lakini kura yako iko Lang'ata.

Nilifanya kazi ya ukarani tarehe 4 Machi 2013 kwa kituo kimoja upande wa Kibra, na kuna kitu sitasahau. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kupewa karatasi sita. Rais nyeupe, mbunge kijani, na zingine nne na rangi zake, kila sanduku na mfuniko wa rangi yake. Wazee wengi walikuwa wanachanganyikiwa. Kukatokea mama mmoja, mzee kabisa, ana leso mbili, amefungua ile karatasi ya kijani ameishika kwa mikono miwili anaiangalia kutoka juu mpaka chini, kisha anaigeuza nyuma, kisha anarudi mbele. Akauliza kwa sauti, "Jina la Agwambo liko wapi hapa?" Msimamizi wa kituo akamweleza taratibu kwamba Raila yuko kwa ile nyeupe peke yake. Mama akasema, "Lakini hapa ndio mahali pake." Chumba kizima kikanyamaza. Maana kwa sheria ya zamani mgombea urais ilikuwa lazima awe pia mbunge aliyechaguliwa, kwa hivyo kuanzia 1997 ukimpigia Raila urais ulikuwa unamtafuta tena kwa karatasi ya ubunge. Katiba mpya ikasema chagua kiti kimoja. Yule mama alikuwa amelitafuta hilo jina kwa karatasi ya mbunge tangu 1992 na siku hiyo hakulipata. Mimi nilikuwa na miaka 23, nilielewa katiba mpya siku hiyo kuliko vile nilifundishwa darasani.

BintiMakina:
Karani hiyo hadithi imenigusa sana, nyanya yangu alikuwa hivyo hivyo.

Mimi naomba niseme kitu kuhusu jina. Sisi Wanubi tunaita Kibra, maana yake msitu, kwa sababu wazee wetu waliokuwa askari wa KAR, jeshi la wakoloni Waingereza, walipopewa makazi hapa ilikuwa msitu. "Kibera" ni vile wengine walivyolitamka na likakaa kwa ramani. Eneo bunge lilipoundwa likaandikwa Kibra nyumbani kwetu watu walifurahi sana, ni kitu kidogo kwa mtu wa nje lakini ukikaa mahali zaidi ya miaka 100 na watu wanakuita mpangaji, jina lako kuandikwa vizuri kwa karatasi ya serikali si kidogo. Hati ya ardhi yenyewe, ekari 288, ilikuja 2017.

Sasa watu wakisema Kibra ni ya fulani ama ni ya chama fulani mimi huwa naumia. Kuna watu walikuwa hapa kabla ya vyama vyote. Na kuna kura zetu zinahesabika, si lazima zifuate mkondo. Kabla ya Raila kulikuwa na wabunge wengine, hata mume wa Wangari Maathai alikuwa mbunge wa Lang'ata, wengi hawajui.

mpangaji_highrise:
Subiri kwanza, mume wa Wangari Maathai?? Yule wa miti?

BintiMakina:
Ndio huyo. Mwangi Mathai, alishinda Lang'ata 1974. Na hii ndio sehemu ninayoipenda ya historia nzima ya hiki kiti. Wakati wa kampeni aliahidi watu kazi, kama vile wanasiasa wote. Akashinda. Sasa Wangari, ambaye alikuwa amezunguka naye mitaani, ile ahadi ikamkaa moyoni, akaanza kuwaza hawa watu tutawapatia kazi gani. Akafungua kampuni ndogo inaitwa Envirocare, na kitalu cha miche kule Karura, mpango ukiwa watu wa Lang'ata wasio na kazi waajiriwe kupanda miti na kutunza bustani za wenye uwezo. Kampuni haikuendelea, pesa hazikutosha. Lakini lile wazo la kuwalipa watu wa kawaida kupanda miti ndilo alilolipeleka kwa Baraza la Wanawake, na 1977 ikaanza ile kazi iliyokuja kuitwa Green Belt Movement. Nobel 2004. Yaani chanzo chake kimoja ni ahadi ya kampeni iliyotolewa kwa watu wa hapa. Mimi nikipita Karura huwa nafikiria hiyo.

MzeeWaLainiSaba:
Binti asante, umenikumbusha. Na nirudi kwa 2007 kidogo kwa sababu karani amegusa ile sheria. Ile sheria ya mgombea urais lazima awe mbunge ndio ilifanya Lang'ata 2007 iwe moto vile. PNU, chama cha Kibaki, walimsimamisha Stanley Livondo na kila mtu alijua hesabu yenyewe, kwamba Raila akianguka Lang'ata hawezi kuwa rais hata akipata kura milioni ngapi nchi nzima. Kwa hivyo hatukuwa tunapiga kura ya mbunge tu, tulikuwa tunashika mlango. Watu walilala nje ya vituo. Akashinda ubunge. Ya urais mnajua wenyewe ilivyoenda, Kibaki akatangazwa mshindi na fujo zikaanza. Januari 2008 reli iling'olewa hapa Kibra, soko la Toi likachomwa, na majirani waliokula sahani moja wakawa hawasalimiani. Sitaki kueleza zaidi. Nilimpoteza rafiki.

MtuWaNairobiWest:
Pole sana mzee.

Nijibu lile swali la pili la mwenye uzi maana bado halijajibiwa, Lang'ata iliendaje Jubilee. Mimi nimekaa Nairobi West tangu niko shule ya msingi. Baada ya kugawanywa, 2013 Lang'ata ilienda kwa Joash Olum wa ODM. Watu wakadhani basi, mambo ni kama zamani. Lakini hesabu ilikuwa imebadilika kabisa. Kura zile nyingi za pamoja za Kibra zilikuwa zimetoka. Waliobaki ni watu wa maploti ya South C, wa estate za Lang'ata, wenye nyumba Karen, wapangaji wa Highrise, watu mchanganyiko ambao hakuna mtu anaweza kusema hawa wote ni wangu. 2017 Nixon Korir wa Jubilee akachukua. Watu walishtuka eti "kiti cha Baba (yaani Raila) kimeanguka" lakini kiti cha Baba hakikuanguka, kilikuwa kimebaki ng'ambo na jina lingine! Hicho ndicho nimekuwa nikieleza watu miaka yote hii. Jina la Lang'ata lilibaki huku, wapigaji kura waliolifanya jina hilo likawa kubwa wakaenda Kibra.

2022 ODM ikakirudisha kupitia Jalang'o, yule mtangazaji, Phelix Odiwuor. Na bado hakijatulia, maana mapema 2023 alienda Ikulu kumwona Rais Ruto na chama chake kikawaka, Septemba wakatangaza kumfukuza, kesi ikafuata. Kwa mtazamo wangu hiki ni kiti cha ushindani sasa, na mimi nafurahia hivyo. Zamani Nairobi West hakuna mtu alikuwa anabisha mlango wako kuomba kura, alijua akimaliza Kibra amemaliza. Siku hizi wanakuja, wanauliza maji, wanauliza barabara, wanaandika kwa daftari.

karani_2013:
@MtuWaNairobiWest hapo kwa "kura za pamoja za Kibra" nakubali nusu. Angalia uchaguzi mdogo wa Kibra 2019. Ken Okoth alikuwa amefariki tarehe 26 Julai, ana miaka 41 tu, saratani. Mtoto wa Kibra kabisa, amesoma Olympic Primary pale, akaenda Starehe, akafika mpaka Marekani kufundisha, akarudi. Alichaguliwa 2013 na 2017, na pesa za CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, aliziweka kwa shule na basari mpaka watu wakazoea kumuona na kofia ya mhandisi kwa madarasa yanayojengwa.

Tarehe 7 Novemba 2019 tukachagua wa kumrithi. ODM ikaweka ndugu yake Imran Okoth. Jubilee ikaweka McDonald Mariga, yule mcheza mpira wa zamani wa Inter Milan, na Ruto, wakati huo naibu rais, akamshika mkono hadharani. Hata kusimama kwenyewe ilikuwa shida, kwanza alizuiwa kwa sababu jina lake halikuonekana kwa rejista ya wapiga kura mpaka kamati ya malalamiko ikamrudisha. Eliud Owalo akaja na chama cha ANC. Matokeo: Imran 24,636, Mariga 11,230, Owalo 5,275. Ndio, ODM ilishinda mbali. Lakini waliojiandikisha walikuwa kama 118,000! Waliopiga ni kama 42,000. Na kati ya hao waliopiga, zaidi ya 16,000 walichagua mtu asiye wa ODM, mahali ambapo kampeni nzima iliitwa chumba cha kulala cha Baba. Hiyo si kura ya pamoja vile watu wanasema. Na hao wengine 76,000 waliokaa nyumbani walikuwa wanasema nini? Mimi nilikuwa wakala siku hiyo, saa nane mchana tulikuwa tunaangaliana tu na polisi, chumba kitupu, mtu mmoja anaingia baada ya dakika kumi.

BintiMakina:
Mimi nilipiga. Nilipiga kwa sababu ya Ken. Ndugu yangu mdogo alimaliza sekondari kwa basari, na ile barua ya basari mama bado ameiweka ndani ya Kurani. Kama angekuwa chama gani kingine bado ningempigia, na nadhani wengi hapa Makina ni hivyo. 2022 alikuja Peter Orero, mwalimu mkuu wa zamani, naye ODM. Sasa Baba mwenyewe ametutoka Oktoba 2025. Kwa mara ya kwanza tutaenda debeni 2027 na yeye hayupo popote, si karatasi ya kijani si nyeupe si jukwaani.

MzeeWaLainiSaba:
Hiyo ndio nimekuwa nikiwaza usiku, binti. Nimepiga kura hapa tangu wakati wa chama kimoja, nikapanga ile laini ya mlolongo 1988 ambapo unasimama nyuma ya mtu wako na chifu anakuangalia usoni. Najua vile kura ya siri ilipatikana kwa shida. Nataka vijana waulize mgombea atafanya nini kwa maji ya Lindi na kwa vyoo vya Laini Saba, wasiulize alikuwa rafiki ya nani.

mpangaji_highrise:
Wazee na dada yangu asanteni sana, sikutarajia yote haya. Nimemtumia ankoli uzi huu kwa WhatsApp, amesoma wote, akanipigia simu akanyamaza kidogo kisha akasema "kwani wewe unajua yule mama wa karatasi ya kijani angeweza kuwa nyanya yako?" Kumbe nyanya alikuwa anapigia kura Kibra miaka hiyo yote, na mimi sikuwa najua.

Swali la mwisho tu @karani_2013, nikienda kuhamisha kura naenda ofisi ya Lang'ata ama hii ya Kibra iliyo karibu na mimi zaidi?

karani_2013:
Unaenda ile ya mahali unataka kupigia, kwa hivyo Lang'ata. Beba kitambulisho cha asili ama pasipoti, si kopi, na usingoje wiki ya mwisho. Wakikuuliza wodi sema Nyayo Highrise, na uangalie kwa skrini jina la kituo kabla hujaondoka kwa dawati.